Mimi na Mke Wangu Hatuna Undugu

Siku niliyorudi Mkunya na begi la vyeti, mjomba wangu Bakari alisema mbele ya watu kwamba sitamaliza msimu mmoja wa korosho kabla sijarudi Dar es Salaam. Nimemaliza misimu saba. Walisema siwezi kufungua karakana Newala mjini. Nimefungua, na pampu za nguvu ya jua zinazovuta maji katika vijiji vinne vya huku juu nimezifunga kwa mikono hii. Walisema mtu aliyeanza maisha kwa kubeba zege hawezi kupata stashahada ya ufundi umeme. Ipo ukutani, ndani ya fremu ya kioo, na kioo nakifuta mwenyewe kila Ijumaa.

Yote hayo niliyacheka. Neno moja tu sikuweza kulicheka. Alilisema mama mkubwa Asha, dada wa mama yangu, siku tuliyomzika mtoto wetu wa kwanza akiwa na umri wa siku sita. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anakung'uta mchanga kwenye kanga yake, akadhani simsikii.

"Hamidu ataweza vyote," alimwambia mwenzake. "Kumfikisha mtoto arobaini, hataweza."

Naandika haya wakati mtoto wetu wa pili, binti, ana miaka mitatu. Yuko uani anaburuza kopo la maziwa kwa kamba, analigonga kila penye jiwe. Mabaya mengi yamepita. Uchovu haujapita, na sijui kama utapita. Sitaeleza elimu ya ugonjwa, hiyo ni kazi ya madaktari. Nitaeleza mabenchi, kwa sababu mzazi mwenzangu utakaa kwenye mabenchi yale yale, na nitaeleza kosa nililolifanya mimi msomi, ili wewe usilifanye.

Mtoto wa kwanza alizaliwa vizuri, akalia, akanyonya. Siku ya pili akaanza kupepesa macho na kutafuna hewa. Wanawake wakasema anacheka na malaika, nami nikaamini kwa sababu lilikuwa jambo zuri kuamini. Siku ya tatu miguu ikaanza kuendesha baiskeli. Hospitali walisema ni maambukizi ya damu. Siku ya sita tukachimba.

Mimba ya pili, mke wangu Zuhura aliniambia jambo ambalo sikulitilia maanani. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, anamenya muhogo, akaweka kisu chini na kushika tumbo.

"Na huyu anatwanga," alisema.

"Anatwanga nini?"

"Kama mtu yuko kwenye kinu. Tu, tu, tu, halafu ananyamaza. Wa kwanza naye alikuwa hivi."

"Atakuwa na nguvu kama baba yake," nikamjibu, nikaenda karakana. Hayo ndiyo majibu niliyokuwa nayo siku zile.

Alizaliwa wakati korosho za mwisho zinaokotwa na mvua za kwanza zimeanza. Msichana. Kabla hajafikisha saa ishirini na nne, Zuhura alimfunua, akatazama kope zake, akaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Hamidu, tafuta gari." Hakulia. Nadhani alishalia kabla, miezi yote ile ya kutwangwa.

Kutoka Newala tulipewa gari la wagonjwa, tukateremshwa hadi hospitali ya rufaa upande wa Masasi. Wodi ya watoto wachanga haina nafasi ya baba. Mama anakaa ndani kwenye kiti cha plastiki, baba anakaa nje kwenye benchi. Benchi letu lilikuwa na ubao mmoja uliolegea, ukikaa mwisho, mwenzako anayumba. Siku ya kwanza nilitafuta msumari na jiwe nikaugonga. Baba mmoja akaniuliza, "Wewe ni fundi wa hospitali?" Nikamwambia mimi ni fundi wa popote. Alicheka. Mtoto wake aliruhusiwa kesho yake, wangu akabaki.

Faili liliandikwa "Mtoto wa Zuhura". Jina Zuhura alikataa kutoa. "Wa kwanza nilimpa jina siku ya pili," alisema. "Safari hii lisubiri."

Daktari alikuwa kijana, mtu wa kanda ya Ziwa, mpole, mwenye kalamu tatu mfukoni. Alituhoji kwa utaratibu. Mimba ilikwendaje, uchungu ulichukua saa ngapi, mtoto alilia. Akauliza kuhusu wa kwanza. Nikamwambia alifariki kwa maambukizi. Kisha akauliza, kalamu ikiwa juu ya karatasi:

"Wewe na mama mna undugu wowote?"

"Hapana," nikasema.

Zuhura naye akatikisa kichwa. Daktari akaandika.

Fundi akiulizwa swali, anajibu swali aliloulizwa. Sikudanganya. Ningeapa kwa kitabu.

Dawa za maambukizi zikaanza, na dawa ya kutuliza degedege. Neno hilo, degedege, nilikuwa nalikwepa. Mbele ya daktari nilisema "mitetemo", kwa sababu huku kwetu ukisema degedege watu wanakuja na moshi, na wanakuambia mtoto asiguswe na sindano. Muuguzi mmoja, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinisikia akaniambia, "Sema degedege, baba. Ugonjwa hauogopi Kiswahili chako." Alikuwa Mmakua wa Lulindi, mtu wa kanisani, tulimwita Mama Neema. Aligundua natoka Newala na siku hiyo hiyo akaanza kunitania, maana kwa Wamakonde na Wamakua utani haungoji kufahamiana.

"Umekula, Mmakonde? Au unangoja nikutegee samaki nchanga?"

Samaki nchanga ni panya wa shambani, na kila mmoja wetu anadai wenzake ndio wanaowala zaidi. Sikuwa na nguvu ya kumjibu, lakini nilikula. Wema wa watu wa wodini unakuja hivyo, hauji na maneno mazuri.

Zuhura alikuwa na namna yake ya kuhesabu. Alichomoa uzi mrefu kwenye pindo la chandarua, na kila degedege lilipokuja alifunga fundo. Mimi nilimwambia niandike kwenye simu, na saa, na muda liliodumu. Akanitazama. "Andika," alisema. "Mimi naendelea kufunga." Siku ya pili uzi ulikuwa na mafundo kumi na moja. Siku ya tatu, ishirini. Dawa zilibadilishwa, zikaongezwa. Mtoto akawa analala kama nguo iliyolowa, mpira mwembamba puani wa kulishia, nywele zimenyolewa upande mmoja kutafuta mshipa. Akiamka, midomo ilinyonya titi ambalo halikuwepo. Kisha jicho moja likaenda pembeni, na Zuhura akanyoosha mkono kutafuta uzi.

Maziwa yake yalianza kukauka. Miguu ilivimba kwa kukaa kwenye kile kiti. Kanga zikaisha, maana mtoto alikuwa anatapika, na wanawake watatu wa wodini wakamwazima zao bila kuulizwa. Nilikuwa nazifua bombani nyuma ya jengo. Wanaume waliopita waliniangalia. Mtu mwenye stashahada, anakamua kanga za wanawake wasiomhusu. Nilizikamua vizuri kuliko wao wangeweza.

Siku ya tano ndiyo ilikuwa mbaya. Si kwa mafundo tu, ingawa uzi ulishaanza kujikunja kwa uzito wake. Kesho yake ilikuwa siku ya sita. Zuhura aliacha kuniangalia usoni, nami niliangalia ule ubao wa benchi na msumari wangu.

Saa ya kuona wagonjwa, mchana, alikuja mjomba Bakari kutoka Mkunya. Kofia nyeupe, koti la harusi, mfuko wa muhogo mkavu begani. Nikasimama.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Mama Neema alikuwa na roho nzuri siku hiyo, akamruhusu mzee aingie dakika mbili, nami nikaingia nyuma yake. Zuhura akapiga goti pale pale kando ya kitanda cha mtoto.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Akamtazama mtoto, mpira puani, plasta kichwani. Kisha akanigeukia mimi. "Nimekuja kuwachukua. Hili ni degedege. Mnalichoma sindano, ndiyo maana linakasirika. Yule wa kwanza mlimchoma hivi hivi."

"Mjomba, hapa ni hospitali."

"Naona ni hospitali. Imefanya nini? Diploma yako yote imeshindwa na kiumbe cha siku tano?"

"Mjomba..."

"Usiniite mjomba. Mimi ndiye niliyekulea, na leo ndiye ninayekuambia, funga mizigo."

Nilikuwa nimechoka kiasi kwamba nilikaribia kufunga. Naliandika hili kwa aibu, lakini naliandika. Nilifikiri, kama kesho ni siku ya sita, basi afadhali afie nyumbani, kwenye mkeka, bila mpira puani. Nilishaangalia mfuko wetu uko wapi.

Mama Neema alikuwa anatandika kitanda cha jirani. Akasimama na shuka mkononi.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huyu mzee ni nani?"

"Baba wa mke wangu."

"Mbona wewe unamwita mjomba?"

"Ni mjomba wangu. Kaka wa mama yangu."

"Kaka wa kuita, au kaka?"

"Tumbo moja," mjomba Bakari alisema mwenyewe, kwa fahari. "Mama yake huyu ananifuata mimi. Binti nimempa mwenyewe, sikumsumbua kwa mahari."

Mama Neema aliliweka shuka polepole. "Na daktari alipokuuliza kama mna undugu?"

"Nikamwambia hapana."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu hatuna undugu!" Sauti yangu ilipanda, mtoto wa jirani akaamka. "Ndugu yangu ni mtoto wa mama mkubwa, mtoto wa mama mdogo. Binti wa mjomba ni mtani wangu. Tangu anatambaa watu wananiambia, mkeo huyo, mbebe. Undugu uko wapi hapo?"

Alinitazama kupitia ile miwani yake ya uzi. Nilidhani atacheka. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyekumbuka jiko linawaka nyumbani.

"Mimi nakuelewa," alisema. "Hata Lulindi ni hivyo hivyo. Binti wa mjomba hakuna anayemwita ndugu. Lakini yule daktari katokea mbali, baba. Kwao binti wa mjomba ni dada. Alikuuliza kwa Kiswahili cha kwao, ukamjibu kwa cha kwetu." Akamgeukia mjomba. "Mzee wangu, shikamoo. Usimwondoe mtoto. Nipe saa moja tu. Saa moja, halafu utanitukana."

"Marahaba," mjomba alisema, na kwa mshangao wangu akakaa.

Daktari alikuja haraka, hakukimbia. Alivuta kiti, akafungua faili, akakata ile "hapana" kwa mstari mmoja. Hakunikaripia. Ningependa angenikaripia. Alimwuliza Zuhura upya, taratibu, na safari hii alimwacha aseme mwenyewe mpaka mwisho. Zuhura akamwambia kuhusu kutwanga.

"Wote wawili?"

"Wote wawili. Tu, tu, tu."

Alitueleza kwa ufupi. Kuna magonjwa ya mwili kushindwa kutumia chakula chake, yanatembea ndani ya ukoo. Baba amebeba nusu asiyoijua, mama amebeba nusu, na wote wazima kabisa. Mtoto akipata nusu zote mbili ndipo anaumwa. Watu wenye babu mmoja ni rahisi zaidi kubeba nusu ya aina moja. Si lazima, alisema, na si kosa la mtu. Moja ya magonjwa hayo linatulizwa na vitamini. Vitamini ya kawaida, ya vidonge. Hakuwa na uhakika. Kipimo chake hakipo hapa. Lakini kuna kujaribu, huku tukimwangalia pumzi.

"Vitamini?" mjomba alisema. "Na sindano zote hizi?"

"Vitamini, mzee."

Vitamini ya sindano haikuwepo. Duka la dawa la hospitali halikuwa na ya vidonge. Daktari akaandika karatasi na kunielekeza ng'ambo ya uwanja, kliniki ya kifua kikuu, kwa sababu wagonjwa wa kule hupewa vitamini hiyo pamoja na dawa zao. Nilivuka uwanja kwenye jua la saa nane. Nikakaa kwenye benchi jingine la maisha yangu ya hospitali, kati ya watu wanaokohoa, na mtu mmoja wa Newala ninayemfahamu akapita akaniona. Najua alichokwenda kusema. Nikakaa.

Muuguzi wa kliniki alifungua kabati, akanionyesha boksi tupu. Mzigo mwingine ungekuja kesho kutwa. Vilivyobaki vilikuwa tayari kwenye makasha ya wagonjwa, kila kasha na jina lake. Nikamwambia kesho kutwa ni mbali. Nikamwambia mtoto wangu ana siku tano.

"Nikatie kwenye langu," ilisema sauti nyuma.

Alikuwa mzee mwembamba sana, kola ya shati imemzidi shingo. Mzee Mnali, anatoka kijiji kimoja jirani na Mkunya, na tulikuwa hatujawahi kuonana. Muuguzi akampigia daktari simu, wakazungumza, akaangalia tarehe za mzee, akasema akikosa mpaka kesho kutwa haitamdhuru. Akachomoa vidonge vitatu.

"Lakini ni azima," mzee aliniambia, kidole juu. "Mimi sitoi sadaka kwa mtu mwenye viatu vinavyong'aa. Na utarudisha vidonge. Sitaki hela yako."

"Nitarudisha, babu."

"Usinisahau. Mimi nina kifua, sina usahaulifu."

Kidonge kilisagwa kwenye kijiko, kikachanganywa na maziwa kidogo ya Zuhura, kikapita kwenye mpira wa puani. Mama Neema alisimama pale na mkono juu ya kifua cha mtoto akihesabu pumzi. Jioni Zuhura alifunga mafundo mawili. Nikarudi kwenye benchi nikiwa sina matumaini yoyote, naeleza kama ilivyokuwa. Mjomba alikaa kando yangu, ubao haukuyumba.

Asubuhi ya siku ya sita Mama Neema aliniita mlangoni. Zuhura alikuwa amekaa, uzi mapajani. Baada ya yale mafundo mawili, uzi ulikwenda mnyofu. Nilidhani alisinzia.

"Sijasinzia," alisema. "Sijafumba hata jicho. Hajatwanga."

Mtoto alikuwa macho. Hatafuni hewa, hapepesi. Alikuwa anatutazama tu, kama mtu aliyefika ugenini na hajui aanze kumwamkia nani.

Ningependa kusema tulifurahi. Zuhura alianza kulia, na si kwa furaha. "Wa kwanza," alisema. "Kidonge kile kile, Hamidu. Kilikuwa ng'ambo ya uwanja." Hilo tumelibeba mpaka leo, na wewe ukifika hapo utalibeba vilevile. Mjomba Bakari alitoka nje, akasimama bombani kwa muda mrefu bila kunawa.

Siku za wodini zilizofuata zilikuwa za mavuno madogo. Mpira ulitoka puani. Titi likarudi. Kukawa na siku ambayo Zuhura alivaa kanga yake mwenyewe, zile za kuazima nimezifua, nimezikunja, nimewarudishia wenyewe. Akaanza hata kunitania.

"Kwa hiyo kuanzia leo nikuite kaka?"

"Ukithubutu."

"Shikamoo, kaka."

Lakini nyumbani haukuwa utani. Mkunya maneno yaligawanyika. Wengine walisema hospitali inataka kuvunja mila. Wengine walisema tuachane, kila mmoja atafute wa mbali. Mama mkwe hakunisemesha miezi miwili, alidhani nimewaambia madaktari kwamba binti yake ni mbovu. Mjomba hakujibu mtu. Siku moja aliniuliza tu, "Mimi ndiye niliyekupa binti. Kwa hiyo yule wa kwanza nimemuua mimi?" Nikamwambia hapana, mjomba, wewe na mimi tumebeba nusu tusizozijua. Akasema, "Nusu," akavaa kofia yake akaondoka.

Arobaini ilifika. Zuhura akamwita Salma. Mama mkubwa Asha alikuja, akamshika, akaniangalia, nami nikamwangalia. Sikumkumbusha neno lake. Naweza kujisifu kwa mengi, hilo nalo nalihesabu.

Ningeishia hapo kama ningekuwa mtu anayejua kutulia. Mvua zilipokuwa zinaelekea mwisho, Salma akiwa na miezi minne, mnene, anacheka, nilianza kuwaambia watu kwamba tumeushinda. Vidonge vilibaki vichache nikasema nitanunua wiki ijayo, nina kazi ya pampu. Wiki ijayo duka la Newala halikuwa navyo. Masasi hakuna. Siku ya pili bila kidonge alipata homa, na alasiri ile Zuhura alikuja karakana na mtoto mgongoni, akaweka uzi juu ya meza yangu. Mafundo matatu.

Niliwaomba watu. Mimi, niliyeapa sitaomba kitu Newala. Mwalimu mmoja aliyekuwa anatumia dawa za kinga ya kifua kikuu alinikopesha vidonge vitano, akanisihi nisimtaje, simtaji. Mama Neema alipiga simu kwao Lulindi, zahanati ikakopesha karatasi nzima ya vidonge kwa maandishi. Na mjomba Bakari, bila kuambiwa na mtu, alikwenda kwa miguu kijiji hadi kijiji akiuliza nani kamaliza dawa za kifua na amebakiza. Alikuja jioni kabla ya magharibi, amelowa matope hadi magotini, vidonge viwili vimefungwa kwenye ncha ya leso.

"Uliza hospitali kama ndivyo," alisema. "Mimi sijui kusoma vile vialama vyao."

Tulivuka barabara mbovu tukarudi rufaa. Vidonge vilikuwa ndivyo. Degedege likakoma tena, na daktari akasema sasa ana uhakika zaidi kuliko kipimo: dawa ikikatika linarudi, ikirudi linakoma. Kidonge ni cha maisha yake yote. Akanitazama kwa upole wake ule. "Hukushinda, Baba Salma. Unashindana."

Kwa hiyo mzazi mwenzangu, sikuandikii ukanunue vitamini. Degedege la kichanga lina sababu nyingi, na kidonge hiki si cha kila mtoto. Mpeleke hospitali, aseme daktari. Nakuandikia haya tu: mama akisema mtoto anatwanga tumboni, lisemwe. Aliyetangulia akafa, asemwe. Na ukiulizwa kama mna undugu, usijibu ndiyo wala hapana. Sema babu zenu ni akina nani, bibi zenu ni akina nani, unamwamkia nani mjomba. Waache wao wachague jina la kuuita.

Salma alichelewa. Kukaa, miezi kumi na tatu. Kusimama, karibu na mwaka wa pili. Maneno bado machache, na kila Jumatano tunafanya mazoezi yaliyoelekezwa na hospitali, kwenye mkeka, na nachoka, na Zuhura anachoka zaidi. Akiba ya vidonge sasa ni miezi mitatu, ndani ya kopo, juu ya kabati, chini ya fremu ya stashahada. Nikifuta kioo nafungua na kopo.

Msimu wa korosho uliopita nililipa. Mwalimu vitano, mlangoni kwake, bila maneno. Lulindi karatasi nzima, nikachukua saini. Mjomba viwili, alinisukuma mkono akasema mimi si duka, nikaviweka mfukoni mwa koti lake. Akabaki aliyetangulia kunikopesha. Mzee Mnali alikuwa amepona, amenenepa, shati limeanza kumtosha shingo. Tulimkuta uani kwake anabangua korosho. Nikamsalimia, nikatoa vidonge vitatu.

Alivitazama, hakunyoosha mkono.

"Nani alikopa?" aliuliza.

"Mimi, babu."

"Wewe ulitumwa. Aliyekula ni nani?"

Zuhura akamteremsha Salma chini. Nikamwekea vidonge kiganjani, nikakifumba. Toka miguu yangu hadi kigoda cha mzee zilikuwa hatua kama nane, na Salma alikuwa hajawahi kupita tano bila kushikwa. Akaenda. Katikati aliyumba, kidonge kimoja kikaanguka, akachutama kukiokota, na nilitaka kukimbia, Zuhura akanishika shati. Akanyanyuka. Akafika. Akaweka vyote vitatu kwenye mkono wa mzee, kimoja kina mchanga.

"Kimoja. Viwili. Vitatu," mzee alihesabu, sauti ya karani. "Deni limekwisha."

Salma hakuondoka. Alisimama mbele yake, akapeleka mkono kichwani kwake mwenyewe kama mama yake anavyomfundisha kuamkia kila asubuhi, akasukuma hewa kwa midomo.

"Koo," alisema.

"Marahaba, mjukuu wangu," alisema Mzee Mnali. "Marahaba."